Elfu Kumi za Mwanafunzi

Mwaka 2002, Serikali ya Tanzania ilipouanzisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ambao walimu na wazazi waliuzoea kwa jina la MMEM, iliahidi kwamba kila mtoto aliyeandikishwa katika shule ya msingi ya umma atatengewa ruzuku ya dola kumi za Kimarekani kwa mwaka. Na kwa kuwa dola moja wakati huo ilikuwa ikibadilishwa kwa chini kidogo ya shilingi elfu moja, ahadi hiyo iliandikwa kwa sarafu yetu kuwa shilingi 10,000. Tangu siku hizo marais wamepokezana, mipango imebadilishwa majina, ada ya sekondari imeondolewa, na bei ya kila kinachouzwa dukani imepanda mara nyingi kuliko mtu awezavyo kukumbuka. Dola yenyewe mwaka 2024 ilivuka shilingi 2,500. Elimumsingi bila malipo ilipotangazwa kwa waraka mwishoni mwa mwaka 2015 na kuanza kutekelezwa Januari 2016, kiasi kilichowekwa kwa mtoto wa shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 zile zile, na mtoto aliyekaa darasani mwaka 2024 alikuwa angali akihesabiwa kwa shilingi 10,000 zile zile. Lau ahadi ya mwanzo ingalitunzwa kwa thamani yake na si kwa tarakimu zake, mtoto huyo angalistahiki zaidi ya shilingi 25,000.

Sina nia ya kuishitaki Serikali kwa ubahili, maana mtu mwenye insafu hawezi kuyadharau mabilioni, zaidi ya 18 kila mwezi, ambayo Hazina ilianza kuyatoa mwaka 2016 kwa ajili ya elimu hiyo. Wala hawezi kuudharau uamuzi, ambao kwa maoni yangu ulikuwa wa busara kuliko ukubwa wa fedha zenyewe, wa kuzipeleka fedha za uendeshaji moja kwa moja katika akaunti ya shule badala ya kuzipitisha mezani mwa halmashauri, ambako hapo kabla zilikuwa na desturi ya kuingia nzima na kutoka nusu. Neno langu ni jingine. Nasema kwamba fedha ya umma inayokwenda kwenye shule, zahanati au maktaba ya watu wa mtaa, maadamu haikufungwa kwa sheria itajayo kiasi chake na siku yake, hubaki kuwa ihsani ya mtoaji hata kama mtoaji ameiita haki. Na ihsani ina tabia ya kupungua pasipo mkono wa mtu yeyote kuonekana ukiipunguza.

Tuifanye hesabu, kwa sababu katika mambo haya hesabu husema kweli kuliko hotuba. Katika zile shilingi 10,000, shilingi 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na shilingi 6,000 ndizo zinazoingia shuleni. Tuichukue shule ya watoto mia nane, ambayo kwa kipimo cha miji yetu si kubwa. Fungu lake la mwaka, likifika lote, ni shilingi 4,800,000, yaani shilingi 400,000 kwa mwezi, yaani shilingi 500 kwa kila mtoto, na kwa shilingi 500 hizo mwalimu mkuu anatakiwa anunue chaki, karatasi na vitabu vya maandalio ya masomo, achapishe mitihani, alipie umeme na maji kama shule ina umeme na maji, arudishie kitasa kilichovunjwa na bati lililopeperushwa, anunue mipira, na kisha aweke kumbukumbu za yote hayo kwa risiti ambazo mkaguzi atazikubali. Mpango wa elimu bila malipo ulimpatia pia mwalimu mkuu posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Sisemi posho hiyo si halali, kwani kazi ya mwalimu mkuu ni nzito na malipo yake si mengi. Lakini ni ajabu, na ajabu hiyo haikuzungumzwa ipasavyo, kwamba katika shule ya watoto mia nane posho ya mtu mmoja ni nusu ya fedha inayotolewa kwa uendeshaji wa shule nzima, na katika shule ya watoto mia nne mizani inalingana kabisa.

Aghalabu, ukilitaja jambo hili mbele ya watu wa ofisi, hujibiwa kwamba bajeti ni finyu. Jibu hilo ni la kweli na halitoshi. Bajeti ilikuwa finyu mwaka 2021 pia, wakati wa maradhi ya UVIKO-19, na bado Serikali ilipopata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliofikia shilingi trilioni 1.3, ilijenga madarasa 15,000 katika muda wa miezi michache, elfu kumi na mbili ya sekondari na elfu tatu ya shule shikizi, nayo yakajengwa kwa mafundi wa huko huko chini ya kamati za huko huko, kwa utaratibu ambao watu wameuzoea kwa jina la fosi akaunti. Kazi ile ilionyesha mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba kamati ya shule ya kijiji, ikipewa fedha na madaraka, inaweza kusimamia ujenzi kwa gharama ambayo wakandarasi wengi wasingeikubali, na kwamba fedha hupatikana upesi kwa kitu kinachoonekana. Darasa jipya huzinduliwa, hukatwa utepe, hupigwa picha, na huandikwa jina la kiongozi aliyelifungua. Hakuna kiongozi aliyewahi kuzindua boksi la chaki. Kwa hiyo tumekuwa watu wa kuunda majahazi mapya kila mwaka na kuyashusha majini bila kamba, bila tanga na bila maji ya kunywa ya mabaharia, kisha tunastaajabu kwamba hayafiki.

Watu wa pwani waliijua shida hii kabla ya kuwako Hazina wala halmashauri, na waliitafutia dawa. Msikiti, madrasa na kisima cha mtaa havikuachiwa kuishi kwa huruma ya matajiri wa wakati ule. Mtu mwenye nyumba au shamba la minazi aliliweka wakfu, akataja kwa shahidi na maandishi kwamba pato la mali hii litakwenda kwenye mafuta ya taa za msikiti huu, au posho ya mwalimu wa chuo kile, na tangu siku hiyo mali ile haikuuzwa, haikurithiwa, wala haikuhamishiwa jambo jingine hata kama jambo hilo lilionekana jema. Wanazuoni walilipa sharti la mwenye kuweka wakfu uzito unaokaribia uzito wa sheria yenyewe. Hekima ya mpango huo haikuwa katika wingi wa mali, maana wakfu nyingi zilikuwa minazi michache tu. Ilikuwa katika kufunga: mwalimu wa chuo alijua kitakachokuja na kitakapokuja, naye mutawali, yaani msimamizi wa wakfu, alijua kwamba siku ya hesabu ipo, hapa duniani au kwingineko.

Lakini habari ya wakfu ina upande wake wa pili, na mwandishi anayeisifu bila kuutaja huwa hawatendei haki wasomaji wake. Nyumba nyingi za wakfu katika Mji Mkongwe wa Unguja zimechakaa, na nyingine zimeporomoka, kwa sababu kodi zake zilibaki ndogo hali gharama za chokaa, boriti na mafundi zikizidi kupanda, hata pato la nyumba likawa halitoshi kuitengeneza nyumba hiyo hiyo, seuze kumhudumia aliyekusudiwa. Sharti lilitunzwa, thamani ikapotea. Hilo ndilo lililozipata shilingi 10,000 za mwanafunzi, kwa tofauti moja ambayo haiifai shule hata kidogo: wakfu angalau ilikuwa na sharti, lakini ruzuku yetu msingi wake ni sera na nyaraka, na waraka huandikwa na ofisi na hufutwa na ofisi.

Ili kuelewa kwa nini taasisi zetu za mitaa hazina fungu lao wenyewe la kutegemea, imetupasa turudi nyuma kidogo, bila kukaa huko muda mrefu. Wakoloni wa Kiingereza, chini ya Gavana Donald Cameron, walipounda tawala za wenyeji kwa sheria ya mwaka 1926, walizipa baitulmali zake na sehemu ya kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Ulikuwa mpango wa kutawala kwa gharama ndogo na haukukusudiwa kumpa raia sauti, lakini ulizoeza watu kuona kwamba zahanati na shule ya wilaya ina mfuko wake. Sheria ya mwaka 1953 ikaleta halmashauri. Baada ya uhuru, mwaka 1969, kodi ya halmashauri za wilaya iliyotozwa kila mtu mzima ilifutwa, na Serikali Kuu ikajitwika elimu ya msingi, zahanati na barabara za vijijini. Na mwaka 1972, kwa siasa iliyoitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zenyewe zikavunjwa, na muda mfupi baadaye zile za miji zikafuata. Jina lilisema madaraka yamekwenda mikoani. Waliokwenda mikoani ni maofisa. Miji ilipoanza kuoza kwa taka na mitaro iliyoziba, mabaraza ya miji yalirudishwa mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 zikazirudisha halmashauri za wilaya, zikaanza kazi mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere, akihojiwa juu ya uongozi wake, alikiri kwamba kuvunjwa kwa serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia. Ni nadra kwa kiongozi aliye madarakani kusema hivyo, na wale wanaomtaja Mwalimu katika kila hotuba wangefanya vema kuitaja kauli hiyo pia.

Halmashauri zilirudi, lakini mkoba wake umekuwa ukishikwa na mkono mwingine tangu wakati huo. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa pamoja na ushuru mwingi mdogo mdogo. Sina machozi ya kuimwagia kodi ile, ambayo mgambo waliikusanya kwa kuwakimbiza watu vichochoroni na kuwafunga kamba kama watoro, na iliyomtoza maskini sawasawa na tajiri. Lakini halmashauri ziliahidiwa fidia kutoka Hazina, na fidia ni ruzuku nyingine itegemeayo nafasi ya mtoaji. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia tano hadi asilimia tatu kwa mazao ya biashara na mbili kwa ya chakula, jambo lililompa nafuu mkulima na kuzipa nakisi wilaya ambazo hazina kitu kingine cha kutoza. Kabla ya hapo, mwaka 2016, kodi ya majengo ilikuwa imeanza kuhamishwa kwenda Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, kwa kiasi kilichoanzia shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ukusanyaji umekuwa mwepesi, hilo sikatai, na rushwa ya mlangoni imepungua. Lakini mwenye nyumba wa Tandika au Nyamagana anayekatwa fedha hiyo hawezi tena kumwuliza diwani wake kwa nini taka hazijazolewa na akapata jibu la mtu aliyeipokea fedha, kwa sababu diwani atamwambia, na atakuwa amesema kweli, kwamba si yeye aliyeipokea.

Ndipo hapo inapoonekana dhima ya Hazina ilivyo kubwa. Aliyechukua vyanzo vya mapato vya mtu mwingine, hata kwa nia njema na kwa sababu zenye mantiki, amejifunga kumlisha. Na anayelishwa kwa haki anapaswa kujua saa ya kula.

Kwa habari ya saa ya kula, tutazame ng'ambo ya Namanga. Kenya, kwa Katiba yake ya mwaka 2010, imeandika katika kifungu cha 203 kwamba kaunti zake 47 zitapewa kila mwaka si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na hicho ni kifungo cha kiasi ambacho sisi hatunacho. Walakini hakuna mwaka unaopita bila magavana kulalamika kwamba mgao umechelewa na mishahara haijalipwa, na mwaka 2020 Seneti ilikutana tena na tena, ikashindwa tena na tena, kabla ya kukubaliana mwezi Septemba juu ya kanuni ya kuugawa mgao huo, huku kaunti zikisubiri. Kiasi bila siku, basi, ni nusu ya haki. Hospitali haiwezi kumwambia mgonjwa arudi baada ya maseneta kupatana.

Na kiasi pamoja na siku, bila shahidi, ni robo tatu tu. Hili tulifundishwa na Uganda, na laiti kila ofisa mipango wa Afrika Mashariki angalitakiwa kulijua kabla ya kukabidhiwa meza. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walizifuatilia ruzuku ambazo Serikali ya Uganda ilizitoa kwa shule za msingi kati ya mwaka 1991 na 1995, wakaenda katika shule 250 kulinganisha kilichotoka Hazina na kilichofika darasani, wakakuta kwamba kwa wastani kilichofika ni asilimia 13. Asilimia 87 iliyobaki haikuwa imeibwa yote kwa maana ya kutiwa mfukoni. Nyingi ilikuwa imetumiwa na maofisa wa wilaya kwa mambo yao ya kiofisi na ya kisiasa, kwa urahisi wa kwamba mwalimu mkuu na wazazi hawakujua hata kama kuna fedha iliyotumwa kwa ajili yao. Serikali ya Uganda ilipoanza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na kutaka shule zibandike ukutani kiasi zilichopokea, mambo yaligeuka, hata kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Wako wanazuoni waliosema baadaye kwamba si magazeti peke yake yaliyoleta mageuzi hayo, kwa kuwa utaratibu wa kutuma fedha ulibadilishwa pia, nami nakubali. Lakini hata wao hawakusema kwamba fedha ilifika salama zaidi wakati ilipokuwa siri.

Sisi Tanzania tuna chombo chetu cha ushahidi, nacho ni mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kukutana kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Chombo kipo katika sheria. Katika vijiji vingi mkutano huitishwa siku ya soko au msimu wa palizi, wanakuja wazee wachache na watoto, taarifa inasomwa mbio kama khutuba ya mwenye safari, na kunapoulizwa kama kuna swali, mwenyekiti anatazama saa. Fedha za shule mara nyingi hazimo kabisa katika taarifa hiyo, kwa hoja kwamba zina kamati yake. Na kamati ya shule, ambayo wajumbe wake wazazi hawajapata kuonyeshwa hati ya benki, husaini mahali walipoonyeshwa.

Sasa nifikie jambo ambalo wapinzani wa hoja yangu hulitaja kwa furaha, nalo ni utafiti mkubwa uliofanyika hapa hapa Tanzania mwaka 2013 na 2014, kwa jina la KiuFunza, katika shule 350 za wilaya kumi. Shule nyingine zilipewa ruzuku kamili ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, nzima, bila makato wala kuchelewa. Nyingine hazikupewa ruzuku bali walimu wake wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa malipo kwa kila mtoto atakayefaulu kusoma na kuhesabu. Nyingine zikapewa yote mawili. Na nyingine hazikupewa kitu, ili ziwe kipimo. Baada ya miaka miwili ilionekana kwamba ruzuku peke yake haikuinua matokeo ya watoto, na malipo ya walimu peke yake yaliyainua kwa shida. Lakini yalipokutana yote mawili, watoto walijifunza zaidi, tena zaidi ya jumla ya yale ambayo kila moja lingaliweza kuleta lilipokuwa peke yake.

Msomaji wa haraka hutoka hapo akisema: umeona, fedha haifundishi. Ni kweli, haifundishi, kama vile mvua hailimi. Lakini utafiti ule ule unasema pia kwamba mwalimu aliyetiwa hamasa na asiye na chaki naye hafundishi ipasavyo, na kwamba hamasa yake inazaa pale tu anapopewa vifaa. Anayeuchukua utafiti huo kama hoja ya kuiacha ruzuku mahali ilipo ameusoma ukurasa mmoja na kuufunika wa pili. Kinachotufundisha ni kwamba ruzuku ni sharti la kazi na si kazi yenyewe. Kwamba Serikali ikishatimiza sharti hilo, ndipo inapopata haki ya kumwuliza mwalimu juu ya matokeo. Na kwamba leo tunamwuliza mwalimu mapema mno.

Pengo lililobaki kati ya shilingi 500 za mwezi na mahitaji ya mtoto limekuwa likizibwa na wazazi, kwa jina la michango: ya mlinzi, ya uji, ya dawati, ya mtihani wa majaribio, ya karatasi. Michango hiyo ilizaa manung'uniko ya haki, kwa kuwa kuna watoto waliorudishwa nyumbani kwa kukosa elfu mbili, na Januari 2018 Rais Magufuli akaipiga marufuku katika shule za umma. Uamuzi ule ulimfurahisha kila mzazi siku ulipotolewa. Lakini marufuku haikuambatana na nyongeza ya ruzuku, kwa hiyo mwalimu mkuu alijikuta katika hali ambayo fedha ya Serikali haitoshi na fedha ya wazazi ni kosa. Wengi wakaacha kuomba na wakaacha kutengeneza, na wengine wakaendelea kuomba kwa majina mapya. Baadaye ilielezwa kwamba wazazi wanaoridhia kwa hiari wanaweza kuchangia kwa utaratibu unaopitia ngazi za juu, na michango imerudi polepole mahali ilipokuwa, isipokuwa kwamba sasa haitajwi kwa sauti. Kwa shule za wenye uwezo, hilo si msiba. Kwa shule ya Kilwa vijijini au Bahi, ambako mzazi hana cha kuridhia, maana yake ni kwamba mtoto wake anasoma kwa shilingi 500 za mwezi na mtoto wa mjini anasoma kwa shilingi 500 pamoja na hisani ya wazazi wa darasa zima, na wote wawili wanafanya mtihani mmoja wa darasa la saba siku moja.

Zahanati zilipata bahati njema kidogo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo vya afya na zahanati, pamoja na mfumo wa hesabu wa vituo wenyewe, na mganga mfawidhi ambaye hapo kabla alilazimika kusafiri mpaka wilayani kuomba sabuni na glavu anaweza sasa kuketi na kamati yake na kuamua. Wahasibu ni wachache, na muuguzi aliyesomea uzazi hukaa usiku akipanga hati za malipo. Hilo ni tatizo la kweli na dawa yake ni kuajiri wahasibu wasaidizi wa kata. Si dawa kuirudisha fedha ilikotoka.

Ninachokitaka, basi, hakihitaji tume wala safari ya mafunzo nje ya nchi. Ruzuku ya uendeshaji wa shule na zahanati iandikwe katika sheria, si katika waraka. Sheria hiyo iseme kwamba kiasi chake kitapandishwa kila mwaka kwa kadiri ya mfumuko wa bei unaotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambao tayari hutangazwa kila mwezi na hauna gharama ya kuutafuta. Itaje tarehe ambayo fedha itakuwa imeingia katika akaunti, na imlazimishe Waziri wa Fedha kutoa maelezo bungeni inapopita. Na iweke kiwango cha chini kwa shule ndogo, kwa sababu shule ya watoto mia moja na ishirini inahitaji kengele, ofisi, choo na paa kama shule ya watoto elfu, na kanuni ya kuhesabu vichwa peke yake huidhulumu. Watakaosema kwamba Hazina haiwezi kujifunga hivyo na wakumbuke kwamba imejifunga kwa wadai wa ndani na wa nje, ambao fedha yao hutengwa kwanza, kabla ya mshahara wa mtu yeyote, na hulipwa kwa tarehe. Mtoto wa darasa la pili ni mdai pia, aliyeahidiwa tangu mwaka 2002, na hana wakili.

Wabunge hukutana Dodoma kuanzia mwezi Aprili kuipitia bajeti, nao hupenda kuomba barabara, kwa kuwa barabara hukumbukwa wakati wa kura. Wewe msomaji, usingoje waikumbuke chaki. Nenda katika mkutano mkuu wa kijiji chako, au wa mtaa wako kama u mtu wa mjini, simama kabla mwenyekiti hajatazama saa, na uombe usomewe kiasi cha ruzuku kilichoingia shuleni katika miezi mitatu iliyopita na siku kilipoingia. Ukisomewa, mwandikie mbunge wako tarakimu hizo, na umwulize atazifanyia nini.